Mkanda wa kamera usiotesa shingo

Ule mkanda unaokuja kwenye boksi la kamera kazi yake kubwa ni kutangaza kampuni, mwembamba halafu unakata shingo, kwaiyo kama bodi (kamera yenyewe bila lenzi) na lenzi yako vinafika kilo 1.5 hivi tafuta wenye upana wa sentimita 4 au 5 na uuvae kiupande, yaani upite begani kamera ikae kwenye nyonga ya pili, shingo inapumzika kabisa.

Pedi za mpira unaovutika mi sizipendi, ukitembea kamera inadundadunda. Nailoni laini kama mkanda wa gari ndo yenyewe, inateleza begani ukinyanyua kamera fasta. Ngozi inapendeza ila ikilowa jasho, mmh.

Cha kuangalia zaidi ni klipu za kuchomoa. Ukiweka kamera kwenye tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, unatoa mkanda wote ili upepo usiuchezeshe ukatikisa picha, au unabadilisha unafunga wa mkononi. Mikanda ile inayofungwa chini ya kamera kwenye tundu la tripodi kagua skrubu yake kila ukitoka, huwa inalegea taratibu. Na mkanda mpya uvute kwa nguvu kamera ikiwa juu ya kitanda kwanza.