Kuzuia damu ya umio kwa stenti: nifanyavyo mimi hapa Malindi

Kwenye kabati letu la endoskopi, yaani kazi ya kuangalia ndani ya umio (njia ya chakula) na tumbo kwa skopu, mrija wenye kamera, kuna boksi moja refu jembamba, ukiligusa bila sababu utanisikia mpaka Shella. Ndani mna stenti ya Danis, bomba la wavu linalofunguka ndani ya umio na kubana mishipa inayovuja, ya waya wa nitinoli (aina ya madini) iliyofunikwa yote, urefu milimita 135, ikifunguka katikati inafika upana wa milimita 25, na ni hiyo moja tu, ikitumika tunaagiza tunangoja. Naandika hii kwa madaktari vijana na manesi wa endoskopi ambao skopu washaizoea lakini hii hawajaishika. Mara ya kwanza awepo mtu anayeijua, kusoma pekee hakutoshi.

Kwanza unamwekea nani. Si kila anayetapika damu. Ni yule ini limeharibika, presha ya mshipa unaopeleka damu kwenye ini imepanda, mishipa ya chini ya umio imevimba ikajikunja kama minyoo, yaani varisi, mmoja umepasuka, mmempa dawa mmejaribu kufunga bendi, vile vipete vya mpira vya kukaba mshipa, na damu bado inakuja. Mimi huku nawaona zaidi wa homa ya ini ya B na wale wa pombe ya mnazi kila jioni. Kichocho watu wanakichanganya, hiki chetu cha pwani cha kukojoa damu kazi yake kubwa ni kwenye kibofu, kile cha kuharibu ini ni ndugu yake anayesumbua zaidi upande wa Ziwa Victoria. Na kama varisi inayovuja iko sehemu ya juu ya tumbo lenyewe, kwenye fandasi, stenti haitaisaidia manake inabana ukuta wa umio tu. Umio wenye kansa, uliobana au wenye henia kubwa, acha.

Hatua ya 1, njia ya hewa. Hapa sina mzaha. Nilishaletewa mzee mvuvi kutoka upande wa Faza, boti ilingoja kwenye mkondo wa Mkanda maji yajae, halafu Mokowe, halafu gari Witu, Garsen mpaka hapa, bintiye amembebea beseni njia nzima, na alipofika anaongea vizuri kabisa, nami nikasema ami, tutakulaza kidogo tu tuangalie. Sikumtia mpira wa kupumulia. Skopu ilipoingia alitapika kama nusu lita na nyingine ikaenda kwenye mapafu, akakaa ICU, wodi ya mahututi, siku nne zaidi kwa nimonia ambayo mimi ndiye niliyempa. Tangu hapo mwenye damu nyingi ya varisi analazwa usingizi na mpira uko kooni kabla sijashika kitu, hata kama anacheka.

Hatua ya 2, dawa na damu, zinaenda pamoja na hayo mengine si baadaye. Ya kushusha presha ya mshipa wa ini ni terlipresini miligramu 2 kila saa 4, kama hamna basi okitreotaidi mikrogramu 50 halafu 50 kila saa kwa dripu. Antibiotiki ni seftriaksoni gramu 1 kwa siku, hii watu wanaisahau wakati maambukizi ndiyo yanayowamaliza wengi wa hawa. Damu ongeza mpaka hemoglobini ifike 7 au 8, usimjaze, ukimjaza unapandisha presha ileile unayopigana nayo na varisi inafunguka tena. Ndugu watakuuliza mbona chupa moja tu na sisi tumekuja kumi kuchangia, waeleze polepole, hawana kosa.

Hatua ya 3, skopu na waya. Angalia damu inatoka wapi, nyonya uwezavyo, halafu pitisha waya wa kuongozea mpaka ndani ya tumbo, toa skopu waya ubaki. Msaidizi mmoja kazi yake ni kushika waya huo tu, asitumwe pamba.

Hatua ya 4, paka jeli kifaa, yaani mrija ambao stenti imekunjwa ndani ya ala yake, kipitishe juu ya waya mpaka tumboni. Ncha yake ina baluni. Ijaze hewa mililita 100 kwa sirinji, taratibu. Sirinji ikigoma simama, huenda baluni bado iko kwenye umio na ukilazimisha utaupasua.

Hatua ya 5 ndiyo wengi wanaharibu. Unavuta kifaa kizima nyuma mpaka baluni ikwame kwenye mlango wa tumbo. Mabaharia wa Lamu watanielewa haraka, ni kama kuvuta kamba ya nanga, mwanzo inakuja tu, inakuja, inakuja, halafu inashika mwamba na mkono unajua. Huo ushikaji lazima uusikie mwenyewe. Kijana mmoja aliniambia nadhani imeshika, nikamwambia rudia, nadhani si jibu, na kweli alipovuta tena ilikuja sentimita kama tano ndipo ikashika. Angefyatua pale stenti ingefungukia tumboni yote na damu ingeendelea juu huku tunapongezana.

Hatua ya 6, endelea kuvuta kidogo ibaki imeshika, mkono mwingine unarudisha ala ya nje. Stenti inafunguka yenyewe. Usiharakishe kutoa, ipe muda ipanuke ishike ukuta, ndipo utoe hewa yote kwenye baluni na uchomoe kifaa pole pole, ukichomoa baluni ina hewa utaondoka na stenti. Uzuri wake hata eksirei wakati wa kuweka si lazima. Ila baada ya hapo piga ya kifua uone imekaa wapi.

Mtaniuliza mbona nisitumie baluni ya Sengstaken ya bei nafuu, ile ya mpira inayojazwa hewa kubana mishipa. Ninayo na naitumia nikikosa hii. Lakini ile haifai kukaa zaidi ya saa 24, inaumiza, na mgonjwa aliyechanganyikiwa kwa sababu ya ini anaivuta mwenyewe usiku. Stenti inakaa mpaka siku 7 na mtu anameza. Utafiti mdogo wa Uhispania wa 2016, wagonjwa 28 tu, stenti ilifaulu kwa asilimia 66 na baluni 20, ingawa kuishi hakukuwa na tofauti ya maana. Kwa hivyo usimwambie binti wa mzee kwamba baba amepona. Mwambie damu imesimama na tumepata siku chache za kupanga.

Wodini angalia hivi: damu ikirudi ghafla au hemoglobini ikishuka, rudia eksirei, huenda stenti imeteleza tumboni, hutokea. Akianza kupumua kwa shida fikiria imebana njia ya hewa ya kushoto. Chakula ni maji na uji mwepesi, mikate ya mofa ingoje.

Kutoa. Tarehe ya kutoa andika siku ileile unayoweka, kwenye faili na kwenye ukanda wa mkononi, manake zamu zinabadilika na ikipita siku 7 vidonda vinaanza chini yake. Inatolewa kwa ekstrakta, kifaa chake maalum cha kutolea, chini ya skopu, unanasa kitanzi cha juu, unaivuta inajikunja ndani ya ala, halafu inatoka bila kukwaruza varisi. Ukiivuta kwa koleo tu unaweza kuanzisha damu upya, kwa hivyo kabla hujafungua boksi la stenti hakikisha ekstrakta ipo. Yule mzee wa Faza, naye tulimwekea stenti, tuliitoa siku ya 6, nikafunga bendi nne hapohapo, baada ya hapo akaanza kavediloli, dawa ya kushusha presha ile ya mshipa wa ini, dozi ndogo, na karatasi yake ya rufaa nikaandika bendi tena baada ya wiki mbili. Alirudi, safari hii kwa basi, beseni hana.