Kumtega fuko kwa kuzibua njia yake

Muhogo ukinyauka ghafla, na ukiuvuta shina linatoka halina mizizi, usimsingizie nguruwe. Ni fuko, mnyama anayechimba njia chini ya ardhi. Kwa wakulima wa Mtwara na Lindi, jambo la kwanza kuelewa ni jinsi anavyojilinda: haachi tundu wazi. Nyoka huingia kwa njia ya tundu, kwa hiyo upepo na mwanga vikipenya tu, anakuja kuziba. Hapo ndipo pa kumtegea. Kumwaga maji ni kujichosha. Mchanga unayanywa na yeye anaziba njia. Sumu ukiitupa juu itaua kuku, maana fuko anakula chini.

Toka alfajiri utafute kifusi kibichi alichosukuma fuko, chenye udongo wa unyevu uliokoza kuliko wa pembeni. Vilivyopigwa mvua achana navyo. Kati ya vifusi viwili, choma ardhi kwa fimbo iliyochongwa. Ikizama ghafla umeipata njia. Ikate kwa jembe, uondoe udongo ulioangukia ndani kwa kijiti. Usitie mkono, huenda nyoka kishatangulia. Sasa una midomo miwili. Ondoka kabisa, kwani vishindo vya miguu anavihisi, urudi baada ya saa kadhaa. Mdomo uliozibwa ndio upande aliko.

Uzibue, utege hapo. Kitanzi cha waya wa breki ya baiskeli kigusane na ukuta wa njia pande zote, kisha kifungwe kwenye mti mbichi wa kama mita 1.5 uliochomekwa imara na kupindwa. Mti huo unazuiwa na uzi mwembamba wa katani unaokatiza njia wima. Hapa wengi hukosea: wanaweka uzi ndani, upande wa fuko. Anakuja akisukuma udongo, udongo unagusa uzi kwanza, mti unafyatuka na kitanzi kinabana mchanga mtupu. Uzi ukae upande wa nje, vidole vinne kutoka kwenye kitanzi, ili mwili uwe umeshaingia.

Akinaswa usimshike kwa mikono mitupu. Meno yake yako nje ya midomo, ndiyo anayochimbia huku kinywa kimefungwa, na kidole hakimsumbui. Kwa kawaida kila mmoja ana njia zake, ila usiache kukagua: njia iliyobaki tupu huweza kupata mwenyewe mwingine.