Umepewa kuongoza fedha, utawala na jengo kwenye nyumba ya sanaa ya umma? Anzia ukutani

Hii naiandika kwa ajili ya yule mtu ambaye siku ya ufunguzi wa maonyesho hatajwi kwenye hotuba, mkuu wa huduma za taasisi, ambaye chini yake kuna uhasibu, manunuzi, utumishi, jengo, ulinzi, kompyuta na gari la ofisi. Wengi wanaletwa kwenye hii nafasi kutoka halmashauri au wizarani, wahasibu wazuri kabisa, ila hawajawahi kushika mchoro na wamezoea kusubiri dokezo, ile karatasi ya ndani ya ofisi ya kuomba idhini, liwafikie mezani. Kwenye sanaa ukisubiri dokezo umeshachelewa. Kila karatasi unayoisaini inagusa mchoro fulani au mfuko wa msanii fulani, kwahiyo kalenda yako ianzie ukutani, siku ile kazi inatundikwa, halafu uhesabu kurudi nyuma.

Wiki ya kwanza mafaili yaache kidogo. Zunguka jengo na mhifadhi, fundi, na mlinzi wa zamu ya usiku, tena huyo mlinzi mpe shikamoo yake kama kakuzidi umri na umsikilize vizuri, manake yeye ndo anajua paa linavuja wapi mvua ikipiga kutokea baharini, mlango gani haufungi mpaka uusukume kwa bega na swichi ipi inatoa cheche. Ukimaliza hapo uliza taasisi yenu imeundwa kwa sheria gani. Watu wanaona ni jambo la wanasheria lakini linaamua kila kitu, nani Afisa Masuuli, yaani anayewajibika kisheria kwa pesa yote, mapato ya mlangoni mnabaki nayo au yanaenda mfuko mkuu, na mnaweza kuajiri wenyewe au mpaka kibali. Mfano wa karibu hapa Bagamoyo ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ilianza 1981 kama Chuo cha Sanaa, 2007 ikawa wakala wa serikali, na wakala unaendeshwa kwa Sheria ya Wakala wa Serikali ya 1997, ambayo ina utaratibu wake tofauti na idara ya halmashauri. Ukumbi wa maonyesho ulio chini ya halmashauri hauwezi kuiga tu mambo ya wakala kwa sababu wote mnaitwa serikali.

Jengo sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo pesa inapopotelea na ndo michoro inapofia. Majengo mengi ya Mji Mkongwe wetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo unapumua, maji yanaingia na kutoka. Akija mkandarasi akakwambia apige plasta ya saruji ili pawe pazuri haraka mkatalie, saruji inafungia unyevu ndani, baada ya muda plasta inabanduka na chumvi inatoka ukutani palepale ulipotundika kazi za watu. Tafuta fundi anayejua chokaa, na kama jengo ni la kihistoria watu wa Malikale, idara ya serikali inayolinda majengo ya kale, wajue kabla hujagusa chochote.

Halafu hewa. Majumba makubwa ya makumbusho duniani yanafuata unyevu wa hewa wa asilimia 40 mpaka 60, joto nyuzi 16 mpaka 25, na ndani ya saa 24 unyevu usipande wala kushuka zaidi ya asilimia 10. Sisi tuko ufukweni, nje unyevu kupita 70 ni kawaida, na ukishafika huko ukungu unaanza kuota nyuma ya turubai ambako hakuna anayeangalia. Kwahiyo mtu wa fedha akija na wazo la kubana matumizi kwa kuzima kiyoyozi kila saa kumi na moja jioni na kukiwasha asubuhi, mwambie ukweli kwamba anaharibu kazi kwa namna mbaya kuliko kutokuwa na kiyoyozi kabisa, kwa sababu mchana kinyago cha mpingo kinakauka, usiku kinavuta unyevu, kesho kinakauka tena, mwisho kinapasuka. Mchoro wa Tingatinga uliochorwa kwenye hadibodi na rangi ya mafuta ya kung'aa nao hadibodi inavimba kwenye kingo na rangi inaanza kubanduka. Kama pesa haitoshi kuwasha saa zote, chagua chumba kimoja kidogo kisicho na madirisha mengi, hicho kiwe cha kazi nyeti, washa humo usiku na mchana, vyumba vingine tegemea upepo, feni na mapazia. Nunua vipima unyevu vidogo, sio ghali, kila chumba kimoja, na mlinzi aandike namba asubuhi na jioni kwenye daftari. Hilo daftari ndo litakutetea kwenye bajeti kuliko maneno yako yote.

Mwanga nao usiusahau. Batiki na kazi za karatasi zinatakiwa zisipate zaidi ya laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga), za rangi ya mafuta laksi 200. Dirisha linalotazama bahari ni zuri kwa wageni kupiga picha, lakini ukuta unaolitazama usiuwekee batiki.

Mita kama ni ya LUKU, weka mtu maalumu wa kuangalia salio kila Alhamisi, manake umeme ukiisha Jumamosi usiku na mhasibu yuko Dar kwenye harusi, hakuna dokezo litakalokuokoa. Moto ni habari nyingine tena. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 Museu Nacional ya Rio de Janeiro kule Brazili iliteketea na sehemu kubwa ya mkusanyiko wake wa vitu milioni 20 hivi, uchunguzi wa polisi ukaonyesha moto ulianzia kwenye kiyoyozi cha ukumbi wa chini, na zimamoto walipofika mabomba ya karibu hayakuwa na maji ya kutosha. Soma hiyo sentensi tena, ni kiyoyozi, mabomba na matengenezo yaliyoahirishwa, yote mambo ya kitengo chako, hakuna hata moja la mhifadhi. Kwahiyo kila robo mwaka fundi umeme afungue viyoyozi vyote, waite Zimamoto na Uokoaji waje wakague na wawafundishe watu wako, na kwenye vyumba vya michoro weka mitungi ya gesi ya kabonidioksidi, ile ya unga inazima moto sawa lakini unga wake unaharibu kazi zilizopona.

Kalenda. Mwaka wa fedha wetu unaanza 1 Julai unaishia 30 Juni, na kila aliyefanya kazi serikalini anajua pesa ya OC, yaani ya matumizi ya kawaida, mwezi Julai na Agosti inatoka taratibu sana, na Juni mfumo unafungwa kila mtu anakimbizana na kasma zake, vile vifungu vya bajeti. Usikubali maonyesho makubwa yanayotegemea pesa ya serikali yafunguliwe Julai wala Agosti, hata kama msanii ni mkubwa. Tuseme mnataka kufungua katikati ya Oktoba, wageni wengi wako mjini na vuli haijashika vizuri, basi wazo lenyewe lilitakiwa liingie kwenye makadirio mwezi Novemba au Desemba wa mwaka uliotangulia wakati bajeti inaandaliwa. Aprili barua za kuazima kazi ziwe zimetoka, Julai mikataba na wasanii isainiwe, Agosti manunuzi yaanze, Septemba mifereji ya paa isafishwe na ukuta upakwe, wiki mbili za mwisho zibaki za kutundika tu. Mratibu wa maonyesho akilalamika kwamba sanaa haipangwi miezi kumi kabla, mwelewe, kuna kazi zinazaliwa ghafla na ndo zinakuwa nzuri, kwahiyo tenga kasma ndogo ya maonyesho ya dharura na uilinde isiliwe na posho za vikao.

Kwenye manunuzi siku hizi kila kitu kinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 haijali kwamba fremu unayoitaka anaitengeneza fundi mmoja tu pale Dunda ambaye hana hata barua pepe. Usikate tamaa ukaenda kununua fremu za plastiki Kariakoo. Kaa na huyo fundi na wenzake, wajiunge kikundi, wasajiliwe, sheria inataka asilimia 30 ya manunuzi itengwe kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, na mafundi wengi wa mbao, batiki na uchongaji hapa mjini wanaingia humo bila kulazimisha. Afisa manunuzi wako atumie siku mbili tatu kuwasaidia kujisajili, hiyo ni kazi halali kabisa, faida yake mtaiona kila maonyesho. Kununua mchoro wenyewe kwa ajili ya mkusanyiko ni jambo jingine, mchoro mmoja una mchoraji mmoja, huwezi kuomba nukuu tatu za bei, hapo unaenda kwa utaratibu wa chanzo kimoja na dokezo lenye sababu za kitaalamu za mhifadhi na tathmini ya bei kutoka kwa mtu asiye na uhusiano na msanii.

Pesa ya msanii ndo sehemu ninayoiona inafanywa vibaya mara nyingi na inaniuma kwa kweli. Mgeni ananunua mchoro wa laki tano, analipa kwa kontroo namba, pesa yote inaingia akaunti ya taasisi, mhasibu anaiandika yote mapato, robo ikiisha inaonekana mmekusanya vizuri, halafu msanii akija kudai laki tatu na nusu yake anaambiwa kasma haipo asubiri bajeti ya nyongeza. Mtu wa watu ana watoto shule! Rekebisha kuanzia mwanzo: kwenye mkataba andika kamisheni yenu ni asilimia ngapi, kwa mfano huu 30, andika msanii atalipwa ndani ya siku ngapi, na kwenye vitabu ile asilimia 70 iandikwe amana, ni deni lenu kwake, haijawahi kuwa mapato yenu. Mwelezeni mapema pia kuhusu kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hajalipwa, kama inamhusu ili asione amekatwa kienyeji. Na aliyenunua mchoro amenunua kitu kile tu, hakimiliki inabaki kwa mchoraji chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 1999, kwahiyo duka lenu likitaka kuchapa mchoro kwenye tisheti au kalenda kunatakiwa makubaliano mengine ya maandishi na malipo mengine, mkikwama COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo wa kuwashauri.

Masurufu, pesa anayopewa mtumishi mkononi kwa kazi fulani, nayaongelea haraka: mtu akipewa kwenda kuchukua kazi Dar au Tanga arejeshe kwa risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, ndani ya muda, asiyerejesha asipewe mengine, hata akiwa rafiki yako. Hoja nyingi za ukaguzi zinazaliwa hapo.

Rejista ya mkusanyiko usimwachie mhifadhi peke yake. Agosti 2023 British Museum ya London ilitangaza kwamba vitu vimepotea, vimeibiwa au kuharibiwa, hesabu ikaja kufika kama 2,000, na vingi vilikuwa havijaorodheshwa ipasavyo, kwahiyo hata kujua nini kimeondoka ilikuwa shida. Kama nyumba kubwa vile imepitia hayo, sisi wenye stoo moja na funguo mbili tuna sababu zaidi ya kuwa makini. Kila kazi iwe na namba, vipimo, picha ya mbele na nyuma, imetoka wapi na kwa hati gani, na nakala ya rejista ikae nje ya jengo, kwenye seva nyingine au hata diski iliyoko ofisi ya mkuu wa taasisi. Stoo ifunguliwe na watu wawili, mmoja wa uhifadhi mmoja wa kwako, na kila mwaka mchague kazi kadhaa bila kumwambia mtu mkazitafute kwa macho.

Watumishi: ikama, ile idadi ya watumishi mliyoidhinishiwa, haitakupa unachotaka, zoea. Ila walinzi na wafagiaji wafundishe kama unavyofundisha maafisa, wajue kwa nini ukuta haupigwi deki ya maji, wajue kumzuia mtoto wa shule asiguse kinyago bila kumfokea mpaka asirudi tena maisha. Vibarua wa kutundika wawe walewale kila mara ikiwezekana, mkono uliozoea una thamani, na walipwe siku ileile. Daftari la wageni lenye namba za simu nalo lina sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, lisikae wazi mlangoni kila mtu anasoma.

Kwa kazi za kuazima, bima ianze pale mchoro unaposhushwa ukutani kwa mwenyewe mpaka utakaporudi kwake, njia nzima, na mtu wa bima atataka thamani iliyoandikwa na ripoti ya hali ya kazi yenye picha. Ripoti hiyo ijazwe mara nne: inapotoka kwake, inapofika kwenu, inapoondoka kwenu, inapofika kwake, kila mara sahihi za pande zote mbili. Siku ya kushusha maonyesho mwende na mhasibu mpaka kwa msanii, kilichouzwa apewe hesabu yake na tarehe ya malipo, ambacho hakikuuzwa akikague mbele yenu kwenye mwanga wa mchana kabla hajasaini, na nakala moja ya kila karatasi ibaki nyumbani kwake.