Somo: Lehemu inagoma kushika? Tafuta kwanza nani kaikataa

Wakuu, habari za kazi. Wiki hii vijana wangu wawili wameng'oa pedi (vile vituo vya shaba vya kulehemia miguu ya spea) kwenye bodi za sabufa kwa kosa lile lile: lehemu ilipogoma, wakapandisha joto. Ukifika nyuzi 450 na kung'ang'ania hapo, gundi inayoshikilia shaba kwenye bodi inalegea na pedi inanyanyuka pamoja na mguu wa spea. Nami nimeharibu bodi za wateja hivyo hivyo nilipoanza, na inauma, kwa sababu mara nyingi joto halikuwa na kosa lolote.

Lehemu iliyokubali inatandaa: inapanda kwenye mguu, inashuka kwenye pedi, na ukingo wake unakwisha mwembamba. Iliyokataa inajikunja kidonge, kama tone la maji juu ya jani la mgomba.

Hatua ya 1: Soma kidonge
Shika lenzi kabla hujagusa kitufe cha joto. Lehemu ikitandaa kwenye pedi ila kuna mfereji mwembamba mweusi kuzunguka mguu, mguu ndio uliokataa. Ikikumbatia mguu lakini imekaa juu ya pedi kama kofia, kosa ni la pedi. Ikidondoka bila kushika hata ncha ya pasi ya kulehemu, ncha imekufa. Na ikiganda kwenye ncha tu, haitaki kushuka, basi kazi yenyewe, yaani mguu na pedi, ni baridi au chafu.

Hatua ya 2: Ncha ya pasi
Ncha nyeusi haipitishi joto, hata kama kioo cha stesheni (kile kisanduku cha kurekebisha joto la pasi) kinaonyesha 350. Isugue kwenye nyuzi za shaba, ichovye kwenye flaksi (dawa ya kusafisha chuma ili lehemu ishike), kisha ipake lehemu mpaka ing'ae. Usiipige tupa wala msasa! Ndani ni shaba, nje imepakwa chuma. Ukitoboa hicho chuma, lehemu itaila shaba na ncha itabaki shimo. Ukimaliza kazi, zima pasi ikiwa na tone la lehemu kwenye ncha.

Hatua ya 3: Safisha
Sisi wa pwani tunalijua hili. Hewa ya chumvi haisubiri, na kapasita iliyokaa droo miaka kadhaa miguu yake hufifia ikawa ya kijivu. Kwangua kwa wembe mpaka uone mng'ao, kisha ipake mguu lehemu peke yake kabla ya kuuingiza kwenye tundu. Pedi isugue taratibu kwa kifutio cha wino, ifute kwa spiriti ya isopropili. Lehemu ya zamani inyonye yote. Usirundike mpya juu yake.

Hatua ya 4: Flaksi
Hapa ndipo wengi tunapokosea. Kazi ya flaksi ni kuondoa utando unaojitengeneza juu ya chuma kikishika moto, na ile iliyo ndani ya waya wa lehemu inaisha kwa sekunde chache. Ukiyeyushia lehemu kwenye ncha halafu ukaibeba kuipeleka kwenye kazi, flaksi yote imekwenda na moshi njiani. Weka ncha iguse mguu na pedi kwa pamoja, hesabu moja, mbili, kisha lisha waya upande wa pili, si kwenye ncha. Ondoa waya kwanza, pasi baadaye. Ile asidi ya mafundi bomba isiguse bodi kamwe. Mabaki yake yanakula njia za shaba polepole.

Hatua ya 5: Sasa joto
Lehemu ya 63/37, yaani bati asilimia 63 na risasi 37, inayeyuka kwa nyuzi 183. Ile isiyo na risasi, yenye bati, fedha na shaba, inataka 217 hadi 220. Tangu sheria ya Ulaya ya kuzuia risasi kwenye vifaa vya umeme ilipoanza kutumika Julai 2006, vifaa vingi vya kiwandani vinatumia hiyo ya pili. Ncha iwe 320 hadi 350 kwa ya kwanza, 350 hadi 380 kwa ya pili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mguu mmoja wa kapasita umeshika safi, wa pili unagoma. Spea ni ile ile, lehemu ile ile.
— Huo wa pili bila shaka uko kwenye ardhi ya bodi. Lile bati pana la shaba linanyonya joto lote. Badili ncha, weka pana ya patasi, na pasha bodi kwa bloa mpaka kama nyuzi 100 kabla ya kuweka pasi.

Nimelehemu vizuri lakini imebaki kijivu, haing'ai. Nirudie?
— Kama ni isiyo na risasi, hiyo ndiyo sura yake. Angalia ukingo, si mng'ao. Kama ni 63/37, huenda mguu ulitikisika ikiganda. Ongeza flaksi, ipashe tena, usiiguse mpaka ipoe.

Shikamoo mwalimu. Waya wa trafo nimekwangua rangi yote, nimeweka flaksi nyingi, bado inakataa.
— Marahaba. Ulipokwangua ndani ulikuwa mwekundu au mweupe? Kama ni mweupe mpaka katikati, huo ni alumini. Utando wake unarudi papo hapo ukikutana na hewa, na flaksi yetu ya kawaida haiuwezi. Usijitese: tafuta kiungio cha kubana kwa koleo, kisha lehemu upande wa shaba.