Kabla ya kwenda tamasha la kijiji Uingereza, jua kwanza utarudije

Majira ya joto yakianza, huku Uingereza utaona vibao kwenye njia panda za mashambani: tamasha la kijiji, saa nane mchana, uwanja wa nyuma ya kanisa. Wenyewe wanaliita fete. Nendeni, ni siku nzuri na haili pesa nyingi. Ila msiende kichwa kichwa kama nilivyokwenda mimi.

Beba sarafu. Bibi anayeuza tiketi za bahati nasibu ana kopo la biskuti tu, na chenji ya noti ya ishirini hana. Kwenye tombola, yaani ile bahati nasibu ya kuchomoa tiketi na kujua papo hapo, kwa kawaida namba inayoishia na sifuri au tano ndiyo yenye zawadi, na zawadi yenyewe inaweza kuwa chupa ya mvinyo, kwa hiyo usishangilie mapema.

Koti la mvua, hata kama asubuhi jua linawaka. Tishu. Keki nunua ukifika tu, nzuri zinawahi kuisha.

Soseji uliza, usikisie. Mara nyingi ni ya nguruwe. Na lile jagi lenye vipande vya tango, stroberi na majani ya nanaa si juisi. Ni Pimm's, ina pombe. Nimemwona shangazi mmoja, mswalihina kabisa, akiisifia "sharubati" hiyo na kunyoosha glasi aongezewe kabla hatujamuwahi.

Mbwa watakuwepo wengi, wana hadi mashindano yao. Kama huwataki, kaa upande wa chai.

Sasa, usafiri. Sisi tulikwenda Jumatatu ya mwisho ya Agosti, ambayo huku ni sikukuu. Jirani alitushusha akaendelea na safari zake. Basi la kurudi nilishaliangalia kwenye simu: Jumatatu hadi Ijumaa, 17:35. Nikatulia, nikaingia kwenye mchezo wa nazi. Wanazisimamisha juu ya vigingi, unarusha mipira, ukiangusha unapewa. Mtoto wa Tanga nishindwe na nazi? Nilipata moja, kwa pesa ambayo dukani ningenunua mbili.

Saa kumi na moja na nusu tuko kituoni: mimi, mwanangu wa miaka saba, na nazi. Kituo chenyewe nguzo moja kwenye majani. Ikafika saa kumi na mbili, kimya. Ndipo nikasogelea karatasi ya ratiba na kusoma mstari wa chini kabisa, wa herufi za kukodolea macho: isipokuwa siku za sikukuu. Teksi ya kwanza ikasema huko haiji, ya pili ikasema dakika tisini. Uwanjani mahema yalishakunjwa.

Tukaanza kutembea, maili nne hadi stesheni. Njia ni nyembamba, ua wa miti huku na huku, pa kupita mwenda kwa miguu hapana. Kwa kuwa wanaendesha kushoto, wewe tembea kulia uone gari linalokujia. Kila likipita tunajibana kwenye ua, na hapo ndipo mtoto, mwenye kaptula, alipopiga ukelele. Kuna majani pale yanawasha kama upupu. Mguu mzima ukaota vipele. Jua linazama, mtoto analia, nimekumbatia nazi.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa akirudisha meza za tamasha. Alisimamisha gari, akachuma jani pana kando ya njia, akamsugua mtoto mguu bila hata kuniuliza jina, kisha akatupakia katikati ya mabati ya keki. Nazi niliipasua nyumbani kwenye ngazi ya mlango na kuikuna kwa kikunio cha jibini, maana mbuzi sina.

Kwa hiyo soma ratiba mpaka herufi ndogo za chini, na kama ni sikukuu, chukulia kwamba basi hakuna mpaka uthibitishe. Ujue basi la mwisho hata Jumamosi, maana bahati nasibu huchezeshwa mwishoni na utashawishika kungoja. Namba za teksi mbili za mji wa karibu ziandike kabla, kwani mashambani mtandao unakatika. Simu iwe na chaji. Watoto suruali ndefu. Dawa ya mafua ya chavua, kama yanakusumbua. Viatu vya kufunga pia, kwa sababu uwanja ule wiki iliyopita huenda walikuwa wanalala ng'ombe.