Shing'weng'we uani: jinsi ya kuandaa mchezo wa vivuli kwa shuka, boksi na tochi ya simu

Onyesho langu la kwanza la vivuli halikufika robo saa. Nilikata vikaragosi wiki nzima, nikatundika shuka uani hapa Kirumba, Mwanza, nikawasha taa ya tyubu, ile ndefu, na vivuli vikatoka vimefifia kama moshi wa kuni mbichi. Watoto walivumilia kidogo, kisha wakarudi kwenye rede yao. Wazazi hawakutoka ndani hata kuchungulia. Jioni ile nilijifunza mambo mawili: taa hujaribiwa kabla ya kushika mkasi, na mtu asiyepewa kazi kwenye mchezo ataondoka akatafute kazi kwingine, awe mtoto au mkubwa.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Nitatumia kisa ninachokipenda kuliko vyote, cha Shing'weng'we, lile zimwi la Usukumani lililomeza watu na mifugo, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Mwanamke yule akajifungua Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akauliza baba yuko wapi, watu wako wapi, akaambiwa. Basi akawa anakwenda porini kulisaka zimwi, na kila alichoua alimletea mama yake: "Mama, huyu ndiye Shing'weng'we?" Akaleta panzi, akaleta ndege, akaleta swala, na kila mara mama akasema siyo. Mwisho akakutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka wazima. Wazee wanakisimulia kwa namna nyingi. Kama bibi yenu ana namna yake, chukua hiyo.

Vifaa

Shuka moja jeupe la pamba la kitanda cha futi 4 kwa 6, lisilo na maua. Mirunda miwili na kamba ya manila. Khanga au vitenge viwili vya kuziba chini. Maboksi, wembe au kisu cha karatasi, mkasi, uzi wa kushonea viatu, solotepu, vijiti vya mishikaki, na spoku chakavu za baiskeli, ambazo fundi yeyote wa baiskeli atakupa bure ukimwomba vizuri. Simu yenye tochi, na ya pili ya akiba.

Boksi la viatu au la biskuti ndilo linalofaa. Boksi nene la friji litakuchosha ukifika kwenye macho na vidole, na yale membamba ya dawa ya meno yanakunjika kwa unyevu wa jioni. Huko Java, Indonesia, mafundi wa vivuli huchonga vikaragosi vyao kwa ngozi ya nyati, vikadumu miaka na miaka. Cha boksi kikitunzwa kitakupa maonyesho kadhaa, na kikichanika mtoto atakata kingine kesho.

Mshumaa na kibatari usivitumie. Shuka la pamba, watoto wanaokimbia na moto havikai uani pamoja.

Hatua ya 1: Angalia mwezi kwanza

Huku kwetu ziwani hatua hii ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani usiku wa giza, maana dagaa hufuata mwanga wa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa zao hazina nguvu. Kwa hiyo giza linalokufaa wewe kwa vivuli ndilo linalowaondoa akina baba nyumbani. Mbalamwezi inapowarudisha, inalimwagikia shuka lako na kukosesha vivuli weusi wake.

Njia niliyoipata ni kuandaa onyesho siku ya tatu au ya nne baada ya mwezi mpevu. Kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50. Siku ya tatu, giza linaingia kama saa 1:30 usiku, na mwezi hautaonekana mpaka saa 3 imepita. Hapo una saa moja na nusu ya giza safi, na wavuvi wengi bado wako nyumbani. Ukianza saa 1:45, utamaliza ukiwa na muda wa maongezi.

Kuna faida nyingine. Wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi hupenda kutoka kwa wingi wakati wa mwezi mwandamo, na wakiona mwanga wanauvamia. Wakitua mia moja juu ya shuka, kila mmoja ana kivuli chake.

Hatua ya 2: Shuka na taa, kabla ya kitu kingine chochote

Lifue shuka kama ni jipya ili wanga wa kiwandani utoke, lifunge kwenye mirunda kwa pembe zote nne, livute mpaka lisiwe na mkunjo. Ukingo wa chini uwe kama sentimita 80 kutoka ardhini, na chini yake tundika khanga ili wachezeshaji wasionekane. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka ukaelekea ziwani. Shuka lililotulia saa 11 jioni linaweza kuwa tanga saa 2 usiku. Funga mawe kwenye pembe za chini. Mwanza hatujawahi kukosa mawe. Ukiwa na ukuta au jabali la kukukinga upande wa nchi kavu, hapo ndipo mahali pako.

Sasa taa. Kivuli chenye ukingo mkali hutoka kwenye mwanga mdogo unaotoka nukta moja. Tyubu inatoa mwanga kutoka urefu wake wote, kwa hiyo kila sehemu yake inachora kivuli chake na vyote vinafutana. Tochi ya simu ni nukta moja, ndiyo maana inaishinda taa kubwa. Simu nyingine zina vitaa viwili kando kwa kando: utaona kila kikaragosi kina pacha wake, Kulwa na Doto. Ziba kimoja kwa kipande cha solotepu nyeusi.

Simamisha simu mita 2 nyuma ya shuka, kwa usawa wa katikati yake, juu ya stuli iliyopandishwa mezani, na uibane kwa tofali ili isitikisike. Wachezeshaji wapige magoti chini ya njia ya mwanga na kuinua mikono tu. Halafu chukua kijiko, kigusishe shukani: kivuli ni cha ukubwa wa kijiko chenyewe, na ukingo wake mkali. Kirudishe nyuma mpaka katikati ya shuka na taa, yaani mita 1: kivuli kimekuwa mara mbili. Kisogeze mpaka nusu mita kutoka kwenye tochi: mara nne. Cheza na kijiko hicho dakika 20 nzima, na watoto wakae upande wa pili wakupigie kelele wanachokiona. Ukishaelewa kijiko, umeelewa zimwi.

Hatua ya 3: Kata vikaragosi

Chora kila mmoja kwa ubavu. Uso wa mbele ukiwa kivuli ni duara tu, ila kwa ubavu unapata pua, mdomo, kilemba, mgongo uliopinda wa bibi. Masala Kulangwa mpe sentimita 25, mama yake 30, swala 25. Panzi na ndege wape 15, ingawa panzi mimi humkata mkubwa kuliko ndege kwa sababu miguu yake mirefu ndiyo inayowachekesha watoto.

Jicho lisiwe dogo kuliko punje ya harage. Tundu dogo linaonekana vizuri kikaragosi kikigusa shuka, ukikirudisha nyuma kidogo tu linazibika.

Mkono mmoja unaosogea unatosha. Toboa bega la mwili na bega la mkono, pitisha uzi wa viatu, piga fundo kubwa kila upande, usikaze sana. Kijiti cha mshikaki kibandike mgongoni kwa solotepu, na spoku kwenye kiganja. Niliwahi kumpa Masala viungo sita. Alipofika shukani alikuwa anacheza bila kuambiwa, na mchezeshaji wake, mtoto wa miaka tisa, akalia. Kiungo kimoja.

Ukitaka rangi, chupa za soda za kijani zikikatwa bapa zinatoa mwanga mzuri wa majani na maji. Kata dirisha kwenye boksi, bandika plastiki nyuma yake.

Hatua ya 4: Zimwi

Shing'weng'we ana urefu wa sentimita 60, mdomo ukiwa theluthi ya mwili. Taya la chini likate peke yake, liunge kwa uzi, na lifungie spoku. Tumboni kata mlango mkubwa wa pande tatu, upande wa nne uache uwe bawaba, na uufunge kwa kipande kidogo cha solotepu.

Kumeza ni rahisi, na ndiyo sababu nakipendelea kisa hiki kwa vivuli. Kikaragosi kidogo kikiingia kwenye kivuli kikubwa hakionekani tena. Mpeleke mtu mpaka mdomoni, funga taya, kisha mwache akae nyuma ya mwili wa zimwi. Kamezwa. Watu wazima wanajua kilichotokea na bado wanashtuka.

Zimwi lisiingie kutoka pembeni. Lianze karibu na tochi, ambapo kivuli chake kinafunika shuka lote kama giza lisilo na umbo, kisha lisogezwe polepole kwenda shukani mpaka lipate meno. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Mchezeshaji atataka kuharakisha, mzuie.

Wakati wa kupasua, ng'oa solotepu, vuta mlango kwa uzi, na mwanga utoke tumboni. Watu, ng'ombe na kuku wapite kwenye mwanga huo mmoja mmoja.

Hatua ya 5: Kila mtu ana kazi

Gawa watazamaji pande mbili. Wasukuma tuna mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, na mtu wa huku haelezwi mara mbili maana ya kushindania uwanja. Upande mmoja ni sauti ya Masala: "Mama, huyu ndiye Shing'weng'we?" Upande wa pili ni mama: "Siyo, mwanangu, huyo ni panzi!" Hapo ndipo mchezo ulipo: upande wa mama lazima watambue kivuli wenyewe. Leta mnyama akiwa karibu na tochi, hana umbo, msogeze taratibu mpaka mtu atambue. Ongeza wanyama ambao hawamo kwenye kisa: kamongo, kiboko, sato, mamba. Wavuvi watamtambua samaki kwa pezi moja kabla ya mtoto kuona mkia, nao hawatakubali kushindwa.

Wakubwa wape sauti. Mtama ukizungushwa taratibu kwenye ungo ni mawimbi. Bati likitikiswa ni radi. Choroko ndani ya chupa ya plastiki ni mvua. Mzee anayejua kupiga ngoma apewe hatua za zimwi, pigo moja moja, na asiambiwe lini apige: yeye aangalie shuka. Bibi ndiye wa kufungua kwa "Hadithi, hadithi!" na uani kote kujibu "Hadithi njoo!" Akitaka kukatiza katikati na kurekebisha kisa, mwachie. Wachezeshaji wasubiri.

Kuna kipande cha kisa ambacho wengi hukiacha wakisimulia watoto. Masala alipokuwa anapasua tumbo, kisu kilimkata ajuza mmoja sikio. Watu wote wanashangilia, yeye amekasirika na anataka kulipiza. Mimi sikiachi. Nasimamisha vivuli hapohapo, kijana na ajuza wakitazamana, na nawauliza watazamaji: aliyeokolewa ana haki ya kudai sikio lake? Watoto wote husema hana. Baada ya hapo akina mama huanza kuzungumza, na nimewahi kuona majirani wawili wasiosalimiana wakibishana juu ya sikio hilo mpaka mwezi ukatoka. Usiwajibie. Wakimaliza, endelea na namna ya kisa mnayoijua nyumbani kwenu.

Hatua ya 6: Mazoezi

Mara tatu zinatosha: moja mchana bila taa ili kila mtu ajue kikaragosi chake kiko wapi chini, mbili usiku. Panga vikaragosi kwenye mkeka kwa mfuatano wa kuingia, kushoto kwenda kulia. Wachezeshaji wanne wanatosha, watano wanagongana vichwa.

Hatua ya 7: Usiku wenyewe

Chaji simu mpaka mwisho na iweke isipokee simu wala ujumbe. Zima taa za uani, omba na jirani azime yake. Onyesho zima lisizidi dakika 40 ukiondoa mabishano.

Kisa kikiisha, waite watazamaji waje nyuma ya shuka. Waache watoto washike zimwi, wajaribu viganja vyao kwenye mwanga, wafanye sungura na mbwa. Wakubwa watajifanya wanawafuata watoto. Wape nao vikaragosi, na wewe nenda ukakae mbele, maana kinachochezwa hapo hakijaandikwa na mtu, na mara nyingi ndicho ninachokichukua kwa onyesho linalofuata.

Vikaragosi vilalishwe bapa katikati ya magazeti, chini ya godoro, spoku zikiwa zimetolewa. Ukiwa ulibandika chochote kwa gundi ya uji wa muhogo, usiviache sakafuni hata usiku mmoja: panya wataanza na taya la Shing'weng'we.