SOMO: Kupanga mazoezi ya mwaka mzima kwa chale na waburudishaji wa watoto (Dodoma na jirani)

Kila Januari naulizwa "nijifunze nini mwaka huu?", na ikifika Desemba muulizaji bado anasokota mbwa na upanga wa maputo tu. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1. Chukua kalenda ya ukutani, zungushia siku za kazi: Pasaka, Idi zote mbili, 16 Juni (Siku ya Mtoto wa Afrika), likizo ya Juni, Nane Nane pale Nzuguni, mahafali ya chekechea mwisho wa mwaka, kisha Krismasi hadi Mwaka Mpya. Usinakili ya mwaka jana, maana Ramadhani na Idi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka.

Hatua ya 2. Majuma yaliyobaki meupe ni ya kujifunza kipya. Yaliyojaa kazi ni ya kunoa vya zamani tu.

Hatua ya 3. Stadi mbili kwa mwaka, basi. Moja ya mikono (mipira, maputo, mazingaombwe), moja ya mwili na sauti (mwendo, kuanguka, kuchezesha kikaragosi). Angalia na hali ya hewa. Mapovu ya sabuni jifunze wakati wa mvua, kwa sababu kiangazi chetu ni kikavu na povu hupasuka kabla halijamfikia mtoto. Kuanzia Julai upepo ni mkali, kwa hiyo nje fanya vitu vyenye uzito.

Hatua ya 4. Dakika 20 kwa siku, siku 5 kwa juma. Kwenye daftari andika tarehe na idadi ya mirusho kabla ya kuangusha. Mazoezi ya mipira fanyia mbele ya kitanda: unaokota bila kuinama, na hutaweza kuufuata mpira ukikimbilia mbele.

Hatua ya 5. Kukipeleka kitu kipya mbele ya watu. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma polepole. Kurusha mipira mitatu chumbani si sawa na kuirusha mbele ya watoto 40, spika inapiga, mmoja anakuvuta suruali. Kipimo ni hiki: mirusho 50 bila kuangusha, mara tano mfululizo, huku unaongea kwa sauti na umevaa viatu, wigi na glavu za siku ya kazi. Wengi husahau viatu. Miguu iliyozoea ndala haijui kusimama ndani ya viatu vya chale. Ukishafuzu, jaribu mara tatu kwa watoto wachache bila malipo. Ukiingia kazini kiweke katikati ya onyesho, dakika 3 tu, kati ya vitu viwili unavyoviweza hata usingizini. Andaa mapema utakachofanya mpira ukianguka: uukanyage, uusalimie, uugombeze. Usiombe radhi, maana ukiomba tu watoto wanajua umekosea.
ONYO: usizindue kitu kipya Desemba.
ONYO: usimtajie mteja stadi ambayo haijapita kipimo. Ataiandika kwenye kadi ya mwaliko.

Hatua ya 6. Kila miezi mitatu jirekodi kwa simu. Tazama mara moja bila sauti, kisha sikiliza bila kutazama.

Hatua ya 7. Kila robo mwaka kagua rangi za uso, sponji na maputo. Kilichobadilika harufu tupa.

MASWALI

Mkazi wa Area C: Mkuu, nianze na nini?
Jibu: Hatua ya 1.

Mkazi wa Area C: Nimeona ndefu, nipangie tu wewe, niko bize.
Jibu: Kama hata kusoma huna muda, hizo dakika 20 za kila siku utazitoa wapi?

Chale wa Mpwapwa: Shikamoo mwalimu. Mipira ya kurushia huku haipo. Naweza kutengeneza?
Jibu: Marahaba, tena ya kutengeneza ni mizuri. Pima uwele gramu 120, tia kwenye kimfuko cha nailoni, funga. Chukua puto la duara, kata shingo, livike. La pili livike kwa upande wa pili lifunike tundu, na la tatu likibidi. Usijaze ukawa mgumu kama embe bichi: ukianguka utulie pale pale, usibingirike. Pima yote mitatu kwa mzani mmoja, hata gramu 10 mkono unazihisi. Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, panya wanapenda uwele.

Dada wa Bahi: Maputo ya kusokota yanapasuka sana. Nimeuziwa feki?
Jibu: Inawezekana, ila kwanza chunguza unavyoyatunza. Jua na joto huuzeesha mpira, kwa hiyo yaweke gizani kwenye kisanduku cha barafu kisicho na barafu. Ukijaza, toa hewa kidogo kabla ya kufunga, na kwa mbwa acha mkia wa vidole vinne usiojazwa, kwa kuwa kila pingili inasukuma hewa nyuma. Juani tumia rangi hafifu, nyeusi hupata joto haraka. Nyasi kavu na miiba ndizo adui mkubwa, tandika turubai. Na okota kila kipande: mtoto mdogo akikimeza kinamkaba.

Mchora Uso: Sponji moja nikiisuuza kila mtoto si inatosha? Mbona wengine wanafanya.
Jibu: Wanaofanya wanakosea. Kongwa imejulikana miaka mingi kwa trakoma (ugonjwa wa macho), na ugonjwa huo huenea kwa majimaji ya macho na pua. Kila mtoto sponji yake, hata kipande kilichokatwa. Mwenye macho mekundu au kidonda mchore mkononi, kwa kipande ambacho hakirudi kwenye rangi.

Dada wa Bahi: Nje ya mada kidogo. Mapovu yangu hata asubuhi hayashiki. Sabuni ni nzuri.
Jibu: Swali zuri. Shaka yangu ni maji. Maji ya chumvi ya visima yanaua povu. Jaribu maji ya mvua lita 1, sabuni ya maji ya vyombo mililita 100, gliserini mililita 50. Koroga taratibu bila kutoa povu, acha yalale usiku mmoja.

Chale wa Mpwapwa: Na kiangazi maji ya mvua tunatoa wapi?
Jibu: Kinga Februari, weka kwenye dumu safi lenye mfuniko, kivulini. Lita 20 zinakufikisha Desemba.